Uzito Uliobaki Kichuguuni

Owiti aliinama kuingia mlangoni kwangu, kama wanavyoinama watu warefu ambao wamegonga vichwa mara nyingi. Akaketi kwenye benchi la wateja, karibu na cherehani, akaweka mfuko wa karatasi mapajani. Alikuwa ametoka Rodi Kopany asubuhi ile. Wiki chache zilikuwa zimepita tangu amzike mama yake. Kwenye mazishi yale mimi nilisimama nyuma kabisa, kule kwa masufuria, kama mtu asiyejua amekuja kumlilia nani.

"Dada, mama alisema hii ni yako," akaniambia. "Na kuna maneno alinituma. Lakini nipe maji kwanza, nimekauka."

Nikafungua mfuko. Ilikuwa leso ya kubebea mtoto. Zamani ilikuwa na rangi ya chungwa, sasa imefifia ikawa rangi ya chai ya maziwa, na pindo moja limenyofoka. Niliipeleka puani kabla sijajizuia. Jamani, nyinyi mliowahi kubeba watoto mgongoni mnaijua harufu hiyo: moshi wa kuni, maziwa yaliyochacha, mafuta ya mtoto, jasho. Miaka yote hiyo sandukuni na bado haijatoka. Nikausikia uzito wa Owiti mgongoni mwangu, Owiti yuleyule aliyekuwa mbele yangu akinywa maji kwa mkupuo mmoja, miguu yake mirefu imejaa chumba.

Kwetu, mwanamke akijifungua hutafutiwa msichana wa kumbebea mtoto ili mikono yake ipate kushika jembe na mwiko. Msichana huyo huitwa japidi. Mimi nilifanywa japidi nikiwa na umri wa meno ya mbele kuota upya. Mama yangu alinifunga nguo zangu kwenye kitambaa, akanitoa Migori akanipeleka kwa mdogo wake aliyeolewa Rodi. Tulikubaliana hivi: nimbebe Owiti mpaka atembee, kisha mama mdogo anipeleke shule ya kule. Nilifurahi sana. Nilikuwa mtoto wa kufurahi ovyo, hata nikitumwa chumvi nilikwenda nikiimba.

Jina la Owiti si jina la mchezo. Mama mdogo alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Kwa hivyo huyu alipozaliwa walimfunga nguo wakamlaza penye jalala la boma, na jirani aliyekuwa amepangwa akapita, akajifanya ameshtuka, akamwokota. Akaingia naye nyumbani akipiga kelele: "Nimeokota mtoto ametupwa! Nani anamtaka?" Mama mdogo akasema, "Nipe mimi, kama hana mwenyewe." Hivyo ndivyo kifo kinavyodanganywa. Kikija kumtafuta mtoto wa nyumba hiyo, kitaambiwa huyu ni wa jalalani, si wetu. Owiti maana yake ni aliyetupwa. Ndiyo sababu kila mtu bomani alimtazama kwa jicho la wizi, kuona kama bado yupo.

Na alikuwepo kweli! Alikuwa mnene mpaka mikunjo ya mapaja yake ilificha vumbi. Siku ya kliniki tulimpeleka zahanati, akavishwa ile kaptura ya turubai, akaning'inizwa kwenye mizani iliyofungwa kwa boriti ya baraza. Mshale ukaruka ukaenda mbali, na wanawake kwenye foleni wakapiga vigelegele vya utani.

"Huyu ni mtoto ama ni debe ya mahindi?"

"Japidi, pole! Wewe ndiye unabeba hii tingatinga?"

Nilicheka nao, lakini mgongo wangu haukucheka. Jioni nikifungua leso, mabega yalikuwa na alama nyekundu, na nikitembea bila mtoto nilihisi nainamia mbele kama ng'ombe wa jembe. Nilimpenda Owiti. Lakini nilitamani, Mungu anisamehe, awe mwepesi kidogo.

Likizo ya Agosti ndipo Okinyi akarudi. Okinyi alikuwa shemeji ya mama mdogo, kitinda mimba wa ile nyumba, kijana wa sekondari ya bweni mwenye shati jeupe alilolifua mwenyewe. Mtama ulikuwa umeiva, kwa hivyo tulitumwa pamoja kufukuza ndege. Kulikuwa na jukwaa la miti katikati ya shamba. Okinyi alipanda na kombeo lake na rundo la madongo ya udongo mkavu, mimi nikapanda na Owiti mgongoni na mkebe wa kugonga. Kutwa nzima tulipiga kelele. Ndege wale wana dharau, wanahama mita chache halafu wanarudi kukutazama.

Jioni moja jua limezama lakini anga bado lina mwanga, nikaona nyota inatembea. Haikumetameta, haikuwa na sauti. Ilitoka upande wa ziwa ikaelekea upande wa kwetu Migori, taratibu, kama mtu anayejua njia.

"Okinyi, ile nyota inatembea!"

"Si nyota. Ni setilaiti. Ni chombo kimetupwa na watu."

"Kimetupwa na nani? Kwa mkono?"

"Kwa roketi, wewe. Lakini ngoja." Akatia donge kwenye kombeo, akalizungusha mpaka likavuma, akaachia. "Limeanguka wapi?"

"Pale kwa kisiki."

Akatupa jingine kwa nguvu zaidi. "Na hilo?"

"Karibu na barabara."

"Nikiongeza nguvu?"

"Litafika Homa Bay."

"Nikiongeza?"

"Litaingia ziwani."

"Nikiongeza tena?"

"Utaua mtu Kisumu, na tutashikwa wote."

Okinyi alicheka mpaka jukwaa likayumba. Kisha akachukua tunda la mpera mfukoni akalishika mbele ya macho yangu. "Dunia ni mviringo hivi, Japidi. Sasa ukitupa kitu kwa kasi kubwa sana, kinaanguka kama donge lolote. Lakini kikianguka, dunia nayo inajikunja chini yake. Kinaanguka, inajikunja. Kinaanguka, inajikunja. Hakifiki chini. Kinazunguka tu."

"Kwa hivyo saa hii kinaanguka?"

"Saa hii. Hakijaacha kuanguka tangu kilipotupwa."

Nilikihurumia chombo kile. Kuanguka namna hiyo, bila hata kugonga chini upumzike! Okinyi akaendelea, maana ukimpa sikio alikuwa haachi. Akasema vingine vina watu ndani, na watu hao hawana uzito, wanaelea kama manyoya ya kuku, wakitaka kulala wanajifunga kwa kamba.

Hapo nikageuka mzima. "Hawana uzito? Hata mtoto?"

"Hata ng'ombe."

"Kwa sababu wako juu sana?"

"Hapana. Watu wengi wanadhani hivyo. Mvuto wa dunia unafika mpaka kule, ndio unaovishika visipotee. Hawana uzito kwa sababu wanaanguka pamoja na nyumba yao. Wewe sasa jukwaa linakusukuma matako, ndipo unajua una uzito. Jukwaa likianguka nawe, nani atakusukuma?"

Sikuelewa. Kesho yake akanionyesha. Kando ya shamba kulikuwa na kichuguu kikubwa, kimekauka kama saruji. Okinyi alitoboa tundu kwa msumari kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, karibu na kitako, akaujaza maji. Maji yakachuruzika kwa tundu kama mkojo wa mbuzi. Akapanda juu ya kichuguu, akanyoosha mkono, akauachia mkebe. Na mimi, kwa macho yangu haya, niliona ule mchirizi ukikatika. Mkebe ulianguka umefumba mdomo, hautoi hata tone, mpaka ulipogonga ardhi ukamwaga kila kitu.

"Umeona? Ukiwa unaanguka, maji hayana uzito wa kusukuma yatoke."

"Uzito wake ulienda wapi?"

Okinyi alikuwa anapangusa matope kwenye shati lake. Alijibu bila kunitazama, kama mtu mkubwa anavyojibu mtoto aliyeuliza sana. "Umebaki juu ya kichuguu. Nenda ukauokote."

Ulikuwa utani. Lakini mtoto hana mahali pa kuweka utani, anauweka pamoja na yale mengine.

Siku hiyohiyo alasiri nilipanda ukingo wa chini wa kichuguu, uliofika kiunoni mwangu hivi, nikakaza leso, nikaruka. Nawaambia, ilikuwa kweli! Kwa kitambo kidogo, kifupi kuliko kupepesa jicho, fundo la kifuani lililegea. Leso ikaacha kunikata. Owiti, debe la mahindi, akawa si kitu, akawa shati tu mgongoni mwangu. Kisha tukatua, uzito wote ukarudi kwa kishindo, kidevu chake kikanigonga shingoni. Na Owiti akacheka. Si kile kicheko cha kutekenywa. Kilikuwa kicheko kilichotoka chini kabisa tumboni, cha mshangao, kama mtu aliyeambiwa siri. Akanipiga mateke ya mbavuni: tena!

Tukaruka tena. Tukaruka kesho, na kesho kutwa, na siku zote za mtama. Ulikuwa mchezo wetu sisi wawili, hakuna mwingine aliyejua. Mimi nilikuwa nimeokota kipande cha anga nikakiweka kando ya shamba la Rodi.

Kisha Owiti akaanza kuharisha. Mwanzoni hakuna aliyejali, watoto huharisha meno yakitoka. Lakini hakuacha. Mikunjo ya mapaja ikafunguka, ngozi ikabaki imelegea kama soksi ya kuazima. Siku ya kliniki akaning'inizwa, na mshale ukatoka kidogo ukasimama. Muuguzi akaugonga kwa kidole akidhani umekwama. Wanawake wa foleni hawakutania. Mama mdogo alipewa maagizo ya maji ya chumvi na sukari, akaambiwa amrudishe haraka asipopata nafuu.

Nami nilipomfunga mgongoni kurudi nyumbani nilikaribia kuanguka kifudifudi, maana mgongo wangu ulijiandaa kwa mzigo ambao haukuwepo. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi bila kuruka, tukitembea tu barabarani. Nikajua nimefanya nini.

Fikirini jinsi mtoto anavyopiga hesabu. Ukibeba ndoo ya maji kutoka mtoni, hufiki nayo ilivyojaa. Kila ukiruka mtaro, kidogo kinamwagika. Mimi nilikuwa nimeruka na Owiti siku nyingi. Kila tulipotua uzito ulirudi, ndiyo, lakini je, ulirudi wote? Okinyi mwenyewe alisema unabaki kichuguuni. Basi umebaki. Jioni ile nilikimbia kule peke yangu nikauzunguka udongo ule nikiupapasa. Sijui nilitarajia kuona nini. Niliona siafu.

Mama mdogo alipotaka kumrudisha zahanati, mama mkwe wake akasimama mlangoni. Sisi watoto tulimwita Dani, yaani bibi. Si mwanamke mbaya, msimfikirie vibaya. Alikuwa na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alipotoka na ufagio aliyaona. Alimtazama Owiti anavyokauka na akasema neno ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. Chira.

Chira ni ugonjwa wa kukonda unaomjia mtu kwa kuvunjwa mwiko. Dani alikumbuka kwamba mvua zilipoanza yeye alikuwa matangani huko Asumbi, na mama mdogo, kwa hofu ya mvua kupita, alichomeka mahindi machache nyuma ya jiko kabla mama mkwe hajafungua msimu. Kwa desturi mwenye boma hupanda kwanza. "Nilinyamaza," Dani akasema, "nikasema ni msichana. Sasa ona. Chira haitibiwi kwa sindano. Ukimpeleka kwa sindano unamwua."

Kwa hivyo Owiti hakwenda popote. Mume wa mama mdogo alikuwa kazini mbali, huonekana Krismasi. Mama mdogo alibaki na mtoto mikononi, akimnyonyesha naye hanyonyi, akimpa kijiko akitema. Nilimsikia akilia jikoni akijifanya ni moshi. Nami nikanyamaza. Nilikuwa najua, au nilidhani najua, kwamba si mahindi. Nilikaa na siri yangu kama mtu aliyekalia kaa la moto, na kila aliyeniambia "Japidi, kula," nilikula.

Jumapili baada ya kanisa baba mkubwa akaja, kaka wa mume wa mama mdogo, na viti vikatolewa uani. Mimi niliketi chini na Owiti mapajani. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Okinyi alisimama ameegemea ukuta. Maneno hayakuchukua muda. Baba mkubwa akasema mama Owiti arudi kwao Migori kwanza, wazee wakae watazame ule mwiko, na mtoto abaki na Dani anywe dawa za mizizi.

"Abaki?" mama mdogo akasema. "Bado ananyonya."

"Ananyonya nini?" Dani akajibu, na sauti yake ikapasuka. "Ananyonya nini, mwanangu? Mtazame."

Mama mdogo alimtazama Owiti. Kisha alipiga magoti kwenye vumbi, mwanamke mzima mwenye leso ya kanisani, akaanza kusema ndiyo nilipanda, ndiyo nilikosa, nisameheni, lakini mtoto msinitenge naye.

"Si yeye," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikapiga kelele. "Si yeye! Ni mimi! Nilimwaga uzito wake! Kichuguuni!"

Baba mkubwa akacheka puani. "Uzito unamwagika? Kwani ni uji?"

Nikaeleza yote, kamasi na machozi pamoja. Setilaiti, mkebe, fundo kulegea, jinsi anavyokuwa si kitu hewani, jinsi nilivyoruka na kuruka. Nilisema tunaweza kwenda kuutafuta, labda bado upo. Baba mkubwa alikuwa anacheka waziwazi. Okinyi alikuwa amebadilika rangi.

Dani hakucheka. "Nyar Migori," akaniambia, yaani binti wa Migori, "uliruka naye kila siku?"

"Kila siku."

Akainama, akaweka vidole juu ya kichwa cha Owiti, pale penye utosi. Akavizungusha polepole. Palikuwa pamezama, hata mimi niliona, kama alama ya kidole kwenye unga.

"Utosi umeshuka," akasema. "Mtoto akirushwarushwa, utosi hushuka. Mama yangu alituambia. Utosi ukishuka, chakula hakikai." Aliongea kama mtu anayepanda ngazi ya giza na kuhisi kidato chini ya mguu. Nadhani naye alikuwa anatafuta mahali pa kutokea. "Hii si chira. Huyu mtoto ametikiswa."

"Lakini Mama," Okinyi akasema, "uzito wa mtu hauwezi—"

"Okinyi!" Mama mdogo hakupaza sauti. Bado alikuwa kwenye magoti. "Niletee maji."

"Si maji haya hapa mbele yako—"

"Niletee mengine."

Walitazamana. Kisha Okinyi akafumba mdomo, akachukua kata, akaenda zake nyuma ya nyumba. Hakurudi nayo.

"Kama ni utosi," Dani akasema, "hata wa zahanati wanaujua utosi. Mpelekeni." Na kabla hajamaliza, mama mdogo alikuwa amemtoa Owiti mikononi mwangu, ameifungua leso mabegani mwangu, hii hapa, amemfunga mgongoni mwake mwenyewe na kuishika barabara mbio. Hakunitazama.

Walimlaza kule. Wakamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku na mchana, na alipoweza kutulia nayo tumboni wakamwongezea uji. Utosi ukapanda. Nasikia siku mshale ulipoanza kurudi, mama mdogo aliushangilia kama mpira. Mimi sikuuona. Nilikuwa nafungashiwa nguo zangu.

Maana huwezi kumweka japidi anayetikisa mtoto aliyeokotwa jalalani. Hilo lilieleweka na wote, hata nami. Mama mdogo alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwuliza, "Uzito wake umerudi?"

Akanirekebishia ukosi wa gauni. "Unarudi, nyathina," akasema. Mtoto wangu. Akanipandisha kwenye gari.

Habari zilinitangulia Migori. Wasichana wa mtaani walikuwa wakiniona na mtoto wanapiga kelele, "Mnyang'anyeni, atammwaga!" Hakuna aliyenitafuta tena kuwa japidi. Shule ya Rodi ikapotea, na ile ya kwetu nilichelewa kuianza na nikawahi kuiacha. Kushona nilijifunza kwa kutazama. Siwaambii haya ili mnionee huruma. Nina watoto, nina wateja, nacheka mpaka majirani wanauliza ni nini. Lakini wanangu wote walipokuwa wachanga, nilipofika kwenye mtaro sikuruka. Nilizunguka.

Msinielewe vibaya: nilikuja kujua. Mwalimu mmoja wa darasa la saba alitufundisha kwamba uzito haumwagiki, na kitu kinachoanguka kinakosa tu mahali pa kuegemea. Kichwa changu kilielewa siku ile. Mgongo haukuelewa. Mgongo ulikuwa bado unakumbuka jinsi Owiti alivyokuwa mwepesi njiani kutoka zahanati.

Na kwa hivyo sikwenda kwa mama mdogo. Nimepita Rodi mara nyingi nikifuata vitambaa Homa Bay. Gari husimama, watu wanauza ndizi dirishani, naona kile kijia cha kwenda bomani, na mimi nakaa kitini nikitazama viatu vyangu. Nilienda na kurudi miaka na miaka bila kushuka. Alipougua alinitumia ujumbe niende. Nikasema nina kazi ya sare za shule. Akatuma tena. Nikajua anataka hatimaye kunilaumu uso kwa uso kabla ya kufa, nami sikuwa na moyo wa kuketi mbele yake nikalaumiwa. Nikamtumia sukari na salamu. Nilipofika, nilifika mazishini, nikasimama kwa masufuria.

Owiti aliweka kikombe chini. "Sasa yale maneno," akasema. "Alinifanya niyarudie mpaka nikayashika, na mimi sijui maana yake, usiniulize. Alisema: Mwambie dada yako haukumwagika. Nilijua siku ileile. Hata mimi niliruka na watoto nilipokuwa japidi, na hakuna aliyepungua. Nilimwacha aubebe kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa wewe. Nikangoja aje nimwambie mwenyewe. Mwambie nilimwita."

Nikajifunika leso usoni. Sijui nililia kwa lipi kwanza. Nilimwona akiwa magotini, mtoto wake anakufa, ameona mlango umefunguliwa na ujinga wangu mimi, na amepita. Ningekuwa yeye ningepita pia. Kisha miaka yote hiyo yeye kule na mimi huku, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mimi ndiye niliyekuwa na nauli.

"Dada," Owiti akasema taratibu, "ni nini hakikumwagika?"

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote tangu siku ile ya viti uani. Alisikiliza ameshika magoti kwa mikono yake mikubwa. Nilipofika kwenye kuruka, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ngoja. Tukiwa hewani, mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unacheka."

"Ama nilikuwa nalia, unanificha?"

"Ulikuwa unacheka, Owiti. Mpaka unapaliwa. Ukitua unanipiga teke turuke tena."

Akatikisa kichwa pole pole, akatabasamu akitazama sakafu, tabasamu la mama yake kabisa. "Hiyo hakuniambia," akasema.

"Hakuijua. Tulikuwa sisi wawili tu."

Akasimama. Ilikuwa inambidi apate gari kabla ya giza. Mlangoni alisahau kuinama, akagonga kichwa, tukacheka wote wawili, yeye anapapasa utosi wake. Nikaikunja leso, nikaitia mfukoni, nikafunika cherehani kwa kitambaa chake.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Twende wote," nikasema. "Rodi. Leo nashuka."